Kadi za Dakta Codman

Jioni ya tarehe 6 Januari 1915, ukumbi wa Maktaba ya Tiba mjini Boston, Marekani, ulijaa watu waliokuja kusikiliza habari za ufanisi wa hospitali. Mwenyekiti wa kikao alikuwa Dakta Ernest Amory Codman, mpasuaji wa miaka 45. Aliwaacha wasemaji wakamaliza, meya wa jiji akiwa miongoni mwa walioalikwa, kisha akafunua katuni kubwa yenye urefu wa karibu mita 2 na nusu. Pichani alisimama mbuni, kichwa amekifukia mchangani, huku akirusha mayai ya dhahabu kwa miguu kuwaelekea madaktari.

Mbuni yule alikuwa matajiri wa mtaa wa Back Bay, watu waliolipa bila kuuliza. Mayai yalikuwa ada zao. Wengine waliochorwa walikuwa walimu wa tiba wa Harvard, wadhamini wa Hospitali Kuu ya Massachusetts, na rais wa chuo kikuu chenyewe, akiwaza kama walimu wake wataendelea kupata riziki siku ambayo wagonjwa wataujua ukweli kuhusu matibabu wanayouziwa.

Ukumbi ulichafuka. Haukupita muda Codman akalazimika kuachia uenyekiti wa kitengo cha upasuaji cha chama cha madaktari wa wilaya ile, na nafasi yake ya kufundisha Harvard nayo ikaondoka. Akapoteza marafiki, akapoteza na wagonjwa, maana wagonjwa wengi wa mpasuaji huletwa na madaktari wenzake.

Ukiuliza alidai nini hata akafanyiwa hayo, jibu linashangaza kwa udogo wake. Alitaka kila hospitali imfuatilie kila mgonjwa iliyemtibu, muda wa kutosha kujua kama alipona. Kama hakupona, hospitali iseme kwa nini. Basi.

Nani hajawahi kujikuta katika hali hii? Ndugu yako ana ngiri, au mama ana uvimbe, na umeambiwa dawa yake ni kisu. Utamjuaje wa kumkabidhi? Utauliza jirani, utauliza nesi unayefahamiana naye, utaangalia ukubwa wa jengo, vyeti vilivyotundikwa ukutani, mvi, upole wa sauti. Fundi cherehani akiharibu kitambaa, mteja anaona siku ileile. Fundi wa gari akikosea, gari linazimika njiani na abiria wote wanajua. Mpasuaji hufanya kazi yake mgonjwa akiwa katika usingizi wa dawa na ndugu wakiwa nje kwenye benchi, na kosa lake laweza kuzikwa likaitwa mapenzi ya Mungu. Hata yeye mwenyewe, asipotafuta, anaweza asijue kamwe kwamba alikosea. Hilo la mwisho ndilo lililomnyima Codman usingizi.

Lilianza zamani, akiwa mwanafunzi. Mwaka 1893 rafiki yake na mwanafunzi mwenzake, Harvey Cushing, ambaye baadaye alikuja kuwa mpasuaji wa ubongo mashuhuri kuliko wote wa zama zake, alipewa kazi ya kumpa mgonjwa nusukaputi ya etha. Siku zile kazi hiyo waliachiwa wanafunzi, wasiofundishwa chochote zaidi ya kushika kitambaa puani mwa mtu. Mgonjwa alikufa mikononi mwake. Cushing alifikiria kuacha udaktari kabisa. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba wakubwa walimwambia asijali, mambo hayo hutokea.

Cushing na Codman hawakukubali kwamba hayo hutokea tu. Wakawekeana dau la chakula cha usiku: nani kati yao atajua kulaza mgonjwa vizuri zaidi, mgonjwa asitapike sana, aamke mapema, aondoke chumba cha upasuaji akiwa salama. Ili dau liamuliwe kwa haki ilibidi kuandika. Wakatengeneza karatasi zenye mistari, wakawa wanapima mapigo ya moyo na pumzi kila baada ya dakika chache na kuyaweka alama hadi mwisho wa upasuaji. Karatasi zile ni miongoni mwa kumbukumbu za mwanzo kabisa za nusukaputi duniani, na daktari wa usingizi wa leo, awe Mombasa au Mbeya, bado anajaza karatasi ya ukoo uleule.

Codman alihitimu Harvard mwaka 1895 na kuwa mpasuaji katika Hospitali Kuu ya Massachusetts. Kufikia mwaka 1900 hivi alikuwa ameshaanza kutumia kadi, kila mgonjwa na yake. Juu yake aliandika ugonjwa uliomleta mtu, alichodhani ni chanzo chake kabla ya kupasua, alichokifanya, matatizo yaliyojitokeza wodini, na alichokigundua mwishoni. Kisha palibaki nafasi tupu, na nafasi hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya kadi. Ilijazwa mwaka mmoja baadaye, mgonjwa akiisha kurudi, au kuandikiwa barua, au kutafutwa nyumbani kwake.

Mwaka mmoja ni mrefu. Hospitali nyingi za wakati ule zilimaliza habari za mgonjwa siku anayotoka getini: ametoka hai, amepona. Lakini mtu hutoka getini akitembea, na mwezi wa tatu ngiri ikarudi palepale. Mwingine hutoka na mshono mzuri, na mwezi wa sita saratani iliyoachwa ndani ikammaliza huko kijijini kwao, na mpasuaji wake bado anawasimulia wanafunzi jinsi upasuaji ule ulivyokwenda vizuri. Codman alisema habari ya pili ndiyo habari yenyewe.

Wakubwa wake walimsikiliza kwa adabu, wakaendelea na utaratibu wao. Katika hospitali ile mpasuaji alipanda cheo kwa umri wa utumishi. Mkubwa akistaafu, anayemfuata anasogea. Mwaka 1914 Codman alijiuzulu kupinga utaratibu huo, kisha akaandika kuomba cheo cha mpasuaji mkuu, kwa hoja kwamba matokeo ya wagonjwa wake kwa miaka kumi yalikuwa mazuri kuliko ya wenzake. Alijua hawatampa. Alitaka wamkatalie kwa hoja, waseme matokeo ya wengine ni mazuri zaidi, na ili waseme hivyo ilibidi wayatafute. Hawakuyatafuta. Barua yake haikuwa na namna ya kujibiwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hesabu.

Lakini tangu mwaka 1911 alikuwa na hospitali ndogo yake mwenyewe, vyumba vichache katika nyumba ya mtaa wa Pinckney, kwenye mwinuko wa Beacon Hill, na humo alifanya kile alichokuwa anawadai wengine. Kati ya mwaka 1911 na 1916 aliruhusu wagonjwa 337 kurudi nyumbani, na katika hesabu zake akaorodhesha makosa 123. Kisha akayachapisha kitabuni, kesi kwa kesi, na kuzipelekea nakala hospitali nyingine, akiwaomba wafanye vivyo hivyo.

Kwa kila kosa aliweka herufi. Kulikuwa na herufi ya kukosa ujuzi au ustadi wa mikono, ya kukosea katika uamuzi, ya kukosa uangalifu au vifaa, na ya kutoutambua ugonjwa. Pembeni ya hizo palikuwa na herufi za mambo yasiyo kosa la daktari: ugonjwa usioshindika kwa elimu ya siku zile, au mgonjwa aliyekataa tiba. Na kulikuwa na herufi ya majanga, yale mauti ya ghafla yasiyotazamiwa. Hapo naona hekima kubwa ya mtu huyu. Hakuyatia makosa yote katika kapu moja. Daktari aliyechelewa kuamua hana tatizo moja na daktari ambaye mkono wake umeteleza, na wote wawili ni tofauti na yule aliyekosa taa nzuri au mkasi mkali. Ukimwambia mtu "umekosea" na kuishia hapo, hujamsaidia yeye wala mgonjwa wake wa kesho.

Herufi hizo alijiandikia mwenyewe pia. Katika upasuaji mmoja wa kifuko cha nyongo alifunga kimakosa mrija ambao hakupaswa kuugusa, na mgonjwa akafa. Codman angeweza kuandika kwamba ini lilishindwa kufanya kazi, na asingekuwa amesema uongo. Aliandika kwamba kosa lilikuwa la ustadi wake, tena kosa kubwa, na kwamba alipolifanya hata hakulitambua. Akalichapisha na jina lake juu ya jalada. Nimeisoma habari hiyo mara kadhaa, na kila mara najiuliza ni wangapi kati yetu, katika kazi yoyote ile, tungeweza kuandika sentensi ya namna hiyo mahali ambapo wateja wetu wataiona.

Desemba 1917 meli iliyojaa baruti ililipuka katika bandari ya Halifax, Kanada, ikaua karibu watu 2,000. Codman alifunga safari kwenda kutibu majeruhi, kisha akaingia jeshini kama daktari katika Vita Kuu ya Kwanza. Hospitali yake ilikuwa imefungwa. Haikuwahi kufunguliwa tena.

Hata hivyo hoja yake haikufa. Chama cha Madaktari wa Upasuaji cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1913, kilikuwa kimempa uongozi wa kamati ya kuweka viwango vya hospitali, na ingawa yeye alisukumwa pembeni, kazi iliendelea. Wakaguzi walizunguka nchi nzima. Walikagua hospitali 692 zenye vitanda 100 au zaidi, na hawakuuliza mambo makubwa: je, kila mgonjwa ana faili, je, kuna maabara, je, madaktari hukutana kuzungumzia kazi zao? Matokeo yalipokamilika mwaka 1919, hospitali zilizofikia kiwango zilikuwa 89 tu. Miongoni mwa zilizoanguka yalikuwamo majina makubwa yaliyoheshimiwa kote.

Viongozi wa chama walikuwa wamekutana New York, katika hoteli ya Waldorf-Astoria. Idadi waliitangaza. Majina ya hospitali walihofia yatachukuliwa na waandishi wa habari, kwa hiyo usiku uleule waliichukua orodha, wakashuka nayo chini ya hoteli, wakaitia katika tanuri ya kupashia maji moto.

Wapo wanaosema walifanya busara, kwamba hospitali zile zingegoma na mageuzi yote yangekufa. Kweli, katika miaka iliyofuata nyingi zilijirekebisha. Lakini usiku ule kulikuwa na wagonjwa waliolala katika hospitali zaidi ya 600 zilizoanguka, na waliojua kwamba zimeanguka waliamua wagonjwa wasijue. Mimi siwezi kuiita busara.

Madaktari waliompinga Codman, tuwatendee haki, hawakuwa wote waficha maovu. Walikuwa na hoja moja nzito. Walisema: mkinihesabia vifo, mtanionea, maana mimi ndiye ninayeletewa wagonjwa mahututi. Mwenzangu anapasua vijana wenye afya, anaonekana bingwa. Na kweli hesabu iliyofanywa vibaya hudanganya kuliko kutokuwa na hesabu. Florence Nightingale, mwuguzi aliyependa takwimu kuliko wengi wa wakati wake, alichapisha mwaka 1863 jedwali lililoonyesha kwamba katika hospitali 24 za London vifo vilikuwa asilimia 90.84. Ukisoma utadhani kila anayeingia alitoka maiti. Kumbe hesabu ilichukua vifo vya mwaka mzima na kuvigawa kwa idadi ya wagonjwa waliokutwa vitandani siku moja. Wakosoaji wake walimrukia, na walikuwa na haki.

Jibu la hoja hiyo lilichukua miaka mingi kupatikana, na lilipatikana katika jimbo la New York. Kuanzia mwaka 1989 idara ya afya ya jimbo ilikusanya habari za kila mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo iliyoziba: umri wake, kisukari chake, hali ya moyo wake kabla ya kisu. Kwa hizo walikadiria ni wagonjwa wangapi wa daktari fulani wangetazamiwa kufa kwa ugonjwa wao tu, ndipo wakalinganisha na waliokufa kweli. Sasa anayepokea mahututi hakuonewa. Idara ilitaka majina ya wapasuaji yabaki siri. Gazeti la Newsday likaenda mahakamani, likashinda, na Desemba 1991 majina yakachapishwa. Kati ya mwaka 1989 na 1992 vifo, vikirekebishwa kwa uzito wa ugonjwa, vilishuka kutoka asilimia 4.17 hadi 2.45. Lawama hazikukosekana: ilidaiwa kwamba wapasuaji wengine walianza kuwakwepa wagonjwa wa hatari ili wasiharibu hesabu zao. Mjadala huo haujaisha mpaka leo.

Uingereza ilikuwa na somo lake la kujifunza, na ilijifunza kwa watoto.

Mwaka 1988 daktari wa usingizi aitwaye Stephen Bolsin alihamia Bristol, katika hospitali iliyopasua mioyo ya watoto wachanga. Alikuwa ametoka kufanya kazi London, na kitu cha kwanza kilichomshtua kilikuwa saa ya ukutani. Upasuaji uliochukua muda fulani London ulichukua muda mrefu zaidi hapa. Kila dakika ya ziada ni dakika ambayo moyo wa mtoto umesimamishwa na mashine ndiyo inayomsukumia damu, na daktari wa usingizi ndiye aliyekaa kichwani pake akiona. Watoto wengi mno hawakuamka.

Mwaka 1990 Bolsin alimwandikia mkuu wa hospitali, John Roylance, ambaye mwenyewe alikuwa daktari. Hakuna lililobadilika. Mpasuaji mmoja kati ya wawili waliohusika, James Wisheart, alikuja kuwa ndiye mkurugenzi wa tiba, yaani mtu ambaye malalamiko juu ya madaktari yalipaswa kufikishwa kwake. Bolsin akaanza kuhesabu. Akisaidiwa na mwenzake aliyejua takwimu alikusanya rekodi za watoto, akaandika nani alipasuliwa, kwa tatizo gani, na nani alikufa. Aliambiwa anawachafulia jina wenzake.

Mpasuaji wa pili, Janardan Dhasmana, hakuwa mzembe. Alifanya kazi kutwa kucha, alijua matokeo yake katika upasuaji mmoja mgumu wa watoto wachanga ni mabaya, alikwenda Birmingham kujifunza kwa waliokuwa wakifanya vizuri, akarudi akajaribu tena, na mwaka 1993 akaacha kuwafanyia upasuaji huo watoto wachanga. Upole na bidii alikuwa navyo. Matokeo hakuwa nayo. Jambo hilo linaumiza kulisema, lakini mzazi anayechagua mpasuaji kwa tabia yake nzuri tu hajachagua bado.

Tarehe 11 Januari 1995, jioni, madaktari wa Bristol walikutana kujadili kama mtoto wa miezi 18 apasuliwe kesho yake na Dhasmana. Bolsin alipinga. Hata wizara ya afya London ilikuwa imepata habari na kueleza wasiwasi wake. Kikao kikaamua upasuaji uendelee. Wazazi wa mtoto hawakuambiwa kwamba kikao kama hicho kimekaliwa. Tarehe 12 mtoto akafa mezani.

Baada ya hapo haikuwezekana kufunika. Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza lilichunguza upasuaji wa watoto 53, ambao 29 kati yao walikufa, na mwaka 1998 likawafuta Wisheart na Roylance katika daftari la madaktari, na kumzuia Dhasmana asipasue watoto kwa miaka mitatu. Serikali ikaunda tume chini ya Profesa Ian Kennedy. Ripoti yake ya Julai 2001 ilikadiria kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 watoto wa chini ya mwaka mmoja waliokufa Bristol walizidi idadi iliyotazamiwa kwa 30 hadi 35. Tume ilisisitiza kwamba hawa hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu waliojali wagonjwa wao lakini hawakuiona kazi yao ilivyo, ndani ya hospitali ambayo haikuwa na mtu wa kuwaambia.

Bolsin mwenyewe hakubaki nchini mwake. Mwaka 1996 alihamia Geelong, Australia, akaendelea na kazi yake ya usingizi huko. Baadaye wapasuaji wa moyo wa Uingereza walianza kutangaza hadharani matokeo ya kila mmoja wao. Codman alikuwa ameomba jambo hilo karibu karne moja kabla.

Huku kwetu tuna Bristol zetu. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza linalofanana walibadilishana vyumba vya upasuaji bila kujua. Aliyekuja na shida ya goti alifunguliwa kichwa. Aliyekuja na shida ya kichwa alipasuliwa mguu. Nchi nzima iliuliza swali moja, inawezekanaje? Inawezekana kwa urahisi kabisa, mahali ambapo wagonjwa ni wengi, mafaili yanabebwa mikononi, mgonjwa amekwishalazwa kwa dawa mpasuaji anapoingia, na hakuna aliyepewa kazi ya kuuliza jina kwa sauti.

Miezi ileile, katika nchi ileile, dawa ya kosa hilo ilikuwa inajaribiwa. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, katika bonde la Kilombero, ilikuwa mojawapo ya hospitali nane duniani zilizoshiriki jaribio la Shirika la Afya Duniani kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, sambamba na London, Seattle, Toronto, New Delhi, Manila, Amman na Auckland. Aliyeliongoza alikuwa Atul Gawande, mpasuaji wa Boston, mji wa Codman. Kilichojaribiwa ni karatasi moja yenye mambo 19. Kabla ya nusukaputi mgonjwa mwenyewe ataje jina lake, anapasuliwa nini na upande gani. Kabla ya kisu kila aliye chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake, hata nesi aliyeanza kazi jana, ili akiona kosa awe ameshafungua kinywa mara moja. Kabla ya mgonjwa kutoka, sindano, vifaa na vitambaa vihesabiwe.

Kabla ya karatasi, walifuatilia wagonjwa 3,733 katika hospitali zote nane. Baada ya karatasi, wagonjwa 3,955. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakuna mashine iliyonunuliwa. Hakuna mpasuaji aliyebadilishwa. Matokeo yalichapishwa Januari 2009, na sehemu ya hesabu hizo ni ya wagonjwa wa Ifakara. Tunapoambiwa kwamba kupima kazi ya madaktari ni anasa ya nchi tajiri, tukumbuke bonde la Kilombero.

Karatasi peke yake haitoshi, lazima isomwe. Mwanzoni mwa mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa aliyehitaji tu kutibiwa uvimbe alifunguliwa fuvu mahali pa mwenzake aliyekuwa na damu iliyoganda ubongoni, na walitambua saa kadhaa baadaye, damu ilipotafutwa isionekane. Daktari na wauguzi walisimamishwa kazi, mkuu wa hospitali akapelekwa likizo ya lazima, na madaktari wenzake na yule aliyesimamishwa wakaja juu wakisema vitambulisho vya wagonjwa havikufungwa na mpasuaji. Codman angeuliza: herufi gani? Ni kosa la ustadi, la uamuzi, au la uangalifu na vifaa? Kumsimamisha mtu ni rahisi kuliko kulijibu hilo.

Codman mwenyewe hakuacha. Mwaka 1920 alianzisha sajili ya saratani ya mifupa, akiwaandikia wapasuaji kila pembe ya Marekani wamletee habari za wagonjwa wao na mwisho wao. Ilikuwa miongoni mwa sajili za kwanza za saratani duniani. Mwaka 1934 alitoa kitabu kikubwa kuhusu magonjwa ya bega, kwa gharama yake. Alikufa Novemba 1940 akiwa na miaka 70, si tajiri, na akazikwa katika makaburi ya Mount Auburn bila jiwe. Wapasuaji waliokuja kulijua jina lake walichanga, na jiwe likawekwa mwaka 2014.

Kwa hiyo, msomaji, ukipangiwa upasuaji na nesi akakuuliza jina lako mara ya tatu, usimkasirikie, mtajie. Muulize daktari wako amewapasua wangapi wenye tatizo kama lako, na walikuwaje mwaka uliofuata. Mwenye hesabu hatachukia swali. Na ukipewa tarehe ya kurudi kliniki, rudi, hata kama umepona. Rudi hasa kama umepona, na rudi hata kama umemkasirikia daktari. Bila wewe nafasi ile tupu kwenye kadi haitajazwa.